Mgongo Mweupe wa Ndege Ndogo

Katika rangi zote ambazo mwanadamu amezitumia kuvipamba vyombo vyake vya safari, majahazi na magari na ndege, hapana iliyo taabu kuipaka juu ya kitu kidogo kuliko nyeupe ya kung'aa. Kwani nyeusi isiyong'aa humeza kivuli cha dosari, na kijani kilichofifia cha ndege za vita hukisamehe kikwaruzo, hata kikadhaniwa kuwa ni uchakavu wa vita vyenyewe, ilhali nyeupe ya kung'aa huipokea nuru ya dirishani na kuirudisha machoni kama ilivyokuja, na popote pale uso ulipobonyea au kuinuka kwa upana wa unywele, nuru hiyo hupinda pia, na mtazamaji asiyejua lolote katika sanaa hii ya kujenga ndege ndogo za plastiki huhisi ya kuwa pana jambo lisilo sawa, ingawa hawezi kulitaja kwa jina.

Ili makala haya yawe na kitu cha kushikika, nimeichagua ndege ambayo wasomaji wa umri mkubwa wa Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe waliiona kwa macho yao wenyewe, nayo ni Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Shirika lile lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946 kwa ndege sita ndogo za Dragon Rapide, zenye mbawa za juu na za chini, likaingia katika zama za jeti mwaka 1960 kwa ndege za Comet 4, na kuanzia mwaka 1966 likapokea Super VC10, chombo kirefu chenye injini nne za Rolls-Royce Conway zilizofungwa nyuma kabisa karibu na mkia, cha ukoo wa VC10, uliobuniwa makusudi kwa viwanja vya nchi za joto na za nyanda za juu, mathalan Embakasi, Nairobi, ambako ardhi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi huzipunguzia injini na mbawa nguvu zake. Zilikuwa tano kwa jumla, zikaandikishwa kwa kugawanywa baina ya nchi tatu, nyingine zikibeba herufi 5X za Uganda, nyingine 5H za Tanzania, na nyingine 5Y za Kenya, hata shirika likavunjika mwaka 1977. Migongo yake ilikuwa myeupe, kama ilivyo migongo ya ndege nyingi za abiria, kwa sababu nyeupe huirudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, na abiria waliokaa ndani ya ndege iliyosimama uwanjani saa saba za mchana waliijua thamani ya jambo hilo bila ya kuelezwa.

Mfano mdogo wa ndege hii hutengenezwa kutokana na visanduku vya vipande vya plastiki kwa kipimo cha moja kwa 144, yaani kila inchi moja ya mfano ni futi 12 za ndege yenyewe. Urefu wa mita 52.3 hupungua ukawa sentimita 36, upana wa mbawa wa mita 44.5 ukawa sentimita 31, na kiwiliwili walimokaa abiria kikawa na unene wa takriban sentimita mbili na nusu. Msomaji asiipite hesabu hii kwa haraka. Kila kitu kimepunguzwa mara 144, ila rangi haikupunguzwa, kwani rangi ni ile ile itokayo katika kopo. Praima, rangi nyeupe na vanishi vilivyopulizwa kwa ustadi huweza kufikia kwa pamoja unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukizidisha mara 144 utaona kwamba ndege halisi ingekuwa imefunikwa kwa rangi ya milimita 14. Unywele wa kichwa una unene wa kama sehemu saba za mia za milimita; ukinaswa ndani ya rangi, huwa ni kamba ya sentimita nzima iliyolazwa juu ya paa, na sidhani kama yuko rubani ambaye angekubali kuruka nayo.

Waanzao sanaa hii aghalabu hudhani kwamba kazi ya rangi ni kusitiri, na ya kuwa kikwaruzo kilichoonekana juu ya plastiki tupu kitazikwa na tabaka la kwanza, na kisipozikwa na la kwanza kitazikwa na la tatu. Mambo huenda kinyume chake. Rangi nyembamba hufuata kila bonde na kila kilima kilichokuwapo, kisha hukitia mng'aro kikaonekana maradufu. Na rangi nene, ambayo ingeweza kulijaza bonde, hujaza vile vile mistari myembamba ya viungo vya mabati iliyochongwa na kiwanda kwa taabu, ikazifanya nondo za magurudumu na kingo za mbawa zivimbe. Mafundi rangi wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, wanalijua jambo hili vyema: gari lililogongwa hukaa siku nyingi mikononi mwa mtu wa puti na msasa wa maji, na saa chache tu mikononi mwa mtu wa rangi, wala mteja mwenye busara hamharakishi yule wa kwanza.

Basi na tuanzie penye plastiki yenyewe. Vipande hutoka kiwandani vikiwa vimeshikamana na fremu zake, na plastiki hiyo ni polistirini, ambayo iliyeyushwa ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu za chuma. Na kwa kuwa baadhi ya viwanda huzipaka kalibu zao dawa ya utelezi ili vipande vibanduke kwa wepesi, mabaki ya dawa hiyo, pamoja na jasho la vidole vya mjenzi mwenyewe, ndiyo adui wa kwanza wa rangi. Fremu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, zikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu, zikasuuzwa, zikaachwa zikauke zenyewe bila ya kufutwa kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi. Ndege ikisha kuungwa na kulainishwa, huoshwa tena kuondoa unga wa msasa, na tangu hapo haishikwi kwa vidole vitupu. Huchomekwa kijiti katika tundu lililofichika, na kijiti ndicho kishikwacho mpaka mwisho wa kazi.

Mshono wa mgongoni unastahili maneno zaidi. Kiwiliwili huja katika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na zikiunganishwa hubakia mstari kuanzia kioo cha rubani hadi shina la mkia, mahali pale pale itakapopita nyeupe ya kung'aa. Gundi ya plastiki kazi yake ni kuyeyusha. Hulainisha kingo mbili zikaingiana, na mjenzi mzoefu hubana nusu zake taratibu mpaka uzi mwembamba wa plastiki laini ujitokeze juu ya mshono kwa urefu wake wote. Uzi huo ni ujazo bora kuliko puti yoyote ya dukani, kwa kuwa ni plastiki ile ile yenye ugumu ule ule, lakini una sharti moja zito, nalo ni kungoja. Kiyeyushi kilichonaswa ndani ya mshono huchukua siku nyingi kutoka chote, na kadiri kinavyotoka ndivyo plastiki inavyonywea. Mwenye haraka hupiga msasa siku ya pili, akauona uso umelingana, akapaka, akafurahi, na mwezi ukipita mshono hurudi, mstari uliozama kidogo, ukikimbia juu ya mgongo mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Nimewasikia watu wakiilaumu rangi kwa hilo, nayo haina hatia.

Palipo na ufa mpana hutumika puti, au supa gluu, ambayo fadhila yake ni kwamba hainywei, na aibu yake ni kwamba ikilala usiku mmoja huwa ngumu kuliko plastiki iliyo kando yake, hata msasa ukawa unaila plastiki na kuiacha gundi imesimama kama ilivyo. Kwa sababu hiyo hupigwa msasa siku ile ile, kabla haijakomaa. Kadhalika madirisha ya abiria: wajenzi wengi wa ndege za namna hii huyaziba yote kwa puti, wakausawazisha ubavu ukawa mtupu, kisha wakayarudisha mwishoni kwa picha za kubandika, na mimi naliunga mkono shauri hilo, kwani kuikinga safu nzima ya vitundu vidogo isiingiwe na rangi ni kujitafutia taabu.

Msasa huwachanganya wageni kwa namba zake, ambazo kadiri zinavyopanda ndivyo punje zinavyopungua: punje za msasa namba 400 zina upana wa kama sehemu 35 za elfu za milimita, za namba 1000 kama 18, na za namba 2000 kama 10. Kanuni yake ni nyepesi kuisema na nzito kuifuata, kwamba kila msasa hauondoi ila mikwaruzo ya uliotangulia, na atakayeruka kutoka 400 hadi 2000 atasugua hata mkono ukafa ganzi, na mikwaruzo ya 400 itakuwapo bado, imesafishwa vizuri tu. Hupigwa kwa maji, kwa sababu maji huchukua unga usizibe nafasi za punje na huzuia joto lisiilainishe plastiki. Na juu ya uso wa mviringo, kama mgongo huu, karatasi huwekwa juu ya kipande cha sponji, si juu ya ncha ya kidole, kwani kidole huchimba mfereji.

Sasa ndipo ijapo praima, ambayo wengi huihesabu kuwa ni rangi ya kwanza, na kwa rai yangu ingefaa kuhesabiwa kuwa ni ukaguzi wa mwisho. Ni kweli kwamba huishika plastiki kuliko rangi inavyoweza kuishika yenyewe, na ni kweli kwamba huipa rangi uso wa kung'ang'ania. Lakini manufaa yake makubwa kwa mwenye kutafuta ulaini ni kwamba huleta rangi moja mahali palipokuwa na nyingi. Kiwiliwili kilichokwisha kuungwa kina plastiki nyeupe, puti ya kijivu, na supa gluu inayopitisha nuru, na jicho likiona rangi tatu haliwezi kulipima umbo. Puliza praima ya kijivu, na rangi zote hutoweka likabaki umbo peke yake.

Hapo zima taa ya darini, uwashe taa moja tu ya mezani, uiweke chini karibu na usawa wa kazi, ushike kijiti na kuizungusha ndege polepole. Nuru ijayo kwa ubavu hukipa kivuli hata kile ambacho kidole hakikihisi. Nyuma ya kioo cha rubani, pale nusu mbili zilipopishana, utaona kivuli chembamba kisichozidi urefu wa ukucha. Karibu na shina la bawa utaona mikwaruzo sambamba, alama za msasa mkubwa ambao haukufuatwa na mdogo wake. Na chini ya mkia, penye puti, vitundu viwili vitatu vya pumzi iliyonaswa, vidogo kiasi kwamba juu ya plastiki tupu usingalivijua kabisa. Vitundu hudondoshewa praima nzito kwa ncha ya brashi. Mikwaruzo hupigwa msasa. Mpishano husawazishwa upya. Kisha huoshwa, hupulizwa praima tena, na taa huwashwa tena. Mara ya pili huwa na mengi ya kusema pia, na ya tatu machache. Wako waanzao moja kwa moja kwa praima nyeupe kwa hoja ya kwamba rangi yenyewe ni nyeupe. Hao huokoa nusu saa na kupoteza wiki, kwani juu ya weupe usiong'aa wa praima vivuli hafifu haviandikiki. Kijivu kwanza, mpaka pasiwe na la kurekebisha, ndipo nyeupe juu yake.

Praima ziko za aina nyingi. Mr. Surfacer ya Japani, ambayo wajenzi wa nchi nyingi huitumia, huuzwa kwa namba 500, 1000, 1200 na 1500, na kama msasa, namba kubwa ndiyo laini zaidi. Ni ya jamii ya rangi za laka, kiyeyushi chake huuma plastiki kidogo sana na kushikamana nayo, na ikikauka hupigwa msasa ikatoka unga mkavu. Zile za maji hazina harufu kali na hufaa kwa nyumba yenye watoto, lakini nyingi zao zikiguswa na msasa hujiviringa na kubanduka kwa ngozi nzima nzima, jambo linaloharibu maana ya kazi hii. Ama praima ya magari, ipatikanayo kwa urahisi katika maduka ya rangi ya miji yetu, wako wanaoipuliza kwa mafanikio. Ila tina yake ni kali, na ikitua juu ya polistirini ikiwa maji-maji huweza kuila plastiki ikajaa nyufa ndogo zisizo na tiba. Ijaribiwe kwanza juu ya kipande cha fremu kilichobakia, ambacho huja bure katika kila kisanduku na aghalabu hutupwa, kisha ipulizwe kwa matabaka makavu-makavu yenye kupishana kwa dakika kadhaa. Praima ya mwisho ikisha kukauka kikamilifu, hupigwa msasa wa maji namba 2000 kwa mkono mwepesi, mpaka uso utoe ulaini mmoja kila upande.

Rangi yenyewe hupulizwa kwa kibomba cha upepo kiitwacho eabrashi, chenye pua ya tundu la kama sehemu tatu za kumi za milimita, kinachoendeshwa na kompresa kwa nguvu ya ratili 15 hadi 20 kwa kila inchi ya mraba. Rangi nyeupe hukorogwa sana kabla ya kumiminwa, kwani chembe zake ni za dioksidi ya titani, madini mazito yapendayo kutulia chini ya kopo. Wepesi wake hupimwa kwa kikombe: tone lipakwe upande wa ndani wa kikombe juu kabisa, na likiteremka bila kusita likaacha utando unaoonyesha kikombe kilicho nyuma yake, rangi iko tayari; likisimama njiani ni nzito, na likikimbia bila kuacha utando ni tina zaidi kuliko rangi.

Ulaini wa kung'aa hupatikana pale ambapo matone mengi yasiyohesabika hutua yakiwa bado maji, yakaungana na kutanda kabla ya kukauka. Yakikauka hewani kabla ya kufika, au yakitua mbali mbali, uso huwa na vishimo kama ngozi ya chungwa. Yakitua mengi mno mahali pamoja, rangi hutiririka ikaganda katika mwendo wake. Kati ya makosa hayo mawili pana njia nyembamba, na huendewa kwa hatua. Tabaka la kwanza hupulizwa kwa wepesi, karibu ukungu, halijafunika kitu, wala lisilazimishwe kufunika. Baada ya dakika kumi au kumi na tano huja la pili, na baada yake la tatu. Na la mwisho, lililoongezwa tina kidogo, hupulizwa kwa karibu zaidi na kwa mwendo wa taratibu, jicho likitazama mahali nuru ya taa inaporudi, kwani hapo ndipo yaonekanapo matone yakiungana. Mkono huanza kupuliza kabla ya kuifikia ndege na huacha baada ya kuipita, ili lile tone kubwa la mwanzo na la mwisho lidondoke nje. Nyeupe hufunika kwa kutawanya nuru, si kwa kuizuia kama nyeusi, kwa hiyo huhitaji matabaka zaidi. Mwenye kutaka kulimaliza jambo kwa tabaka moja zito hupata mabonde yaliyojaa maziwa ya rangi na kingo zilizoachwa kijivu.

Sisi wa pwani tuna hesabu moja zaidi, isiyotajwa vya kutosha katika maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi kavu. Tina inaporuka hunyang'anya joto la uso ilipotua, na uso ukipoa ghafula katika hewa iliyojaa unyevu, kama ile ya Mombasa au Unguja wakati wa masika, umande mwembamba sana hutua juu ya rangi kabla haijashika. Rangi ya laka hugeuka ikawa na wingu, mng'aro ukafa. Juu ya nyeupe wingu hilo halionekani upesi, ila hudhihirika vanishi ipakwapo. Dawa ni tina ya kukauka polepole, au subira ya kungoja siku kavu. Na ndani ya siku moja, alfajiri ndio wakati mbaya kuliko wote, kwani unyevu wa hewa huwa umefika upeo wake, ilhali mchana wa jua kali una ubaya wake mwingine, yaani rangi kukauka hewani. Asubuhi iliyokwisha kukomaa, baina ya saa nne na saa sita, katika miezi ya kusi, ni wakati wa kufaa. Na kompresa nayo huubana unyevu ule ule ukawa maji ndani ya mpira. Isipofungwa kichujio cha maji kinachomwagwa mara kwa mara, huja wakati, kwa kawaida katika tabaka la mwisho, ambapo eabrashi hutema tone la maji katikati ya mgongo mweupe.

Vumbi hupigwa vita kwa njia za nyumbani tu. Sakafu inyunyizwe maji, feni izimwe muda mrefu kabla, nguo za sufi na taulo ziondolewe chumbani, na liwepo tayari sanduku safi lenye kifuniko ambamo ndege itaingizwa mara tu baada ya kupulizwa. Chembe ikitua juu ya rangi mbichi, haiguswi. Ikiguswa, kibanio huingia, chembe hutoka, na mahali pake hubaki shimo kubwa kuliko chembe mara kumi. Iachwe ikauke humo humo, ipigwe msasa namba 2000 kesho yake, kisha pulizio jepesi lipite juu. Ukavu wa rangi haujulikani kwa kidole, bali kwa pua: ndege ikiletwa karibu na pua ikawa bado yanukia tina, ndani haijakauka, ijapokuwa juu ni kavu. Rangi za laka huwa tayari kwa siku moja au mbili, na zile za mafuta, kama Humbrol za vikopo vidogo vya mililita 14, huweza kutaka wiki nzima.

Nimezitaja Humbrol, na sitaki wenye brashi wadhani nimewasahau. Rangi ya mafuta ya kung'aa, kwa kuwa hukauka polepole, hujisawazisha yenyewe ikafuta nyayo za brashi, na wazee wengi wa sanaa hii walizimaliza ndege nzuri kwa brashi pana laini na subira tele. Lakini polepole ile ile hulipa vumbi muda wa kutosha wa kutua, na nyeupe za mafuta zina tabia ya kugeuka manjano miaka ikipita. Kopo la kupuliza pia hufanya kazi safi, hasa likiwekwa kwanza ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yasiyo moto, ili nguvu yake iongezeke na matone yawe madogo; kamwe lisiwekwe juu ya jiko. Na kwa vyote hivi, milango na madirisha yawe wazi, moto usiwepo karibu, na mpulizaji avae barakoa yenye vichujio vya mvuke, maana kitambaa cha pua huzuia vumbi tu, na mvuke wa tina hupita humo kama vile hapana kitu.

Nyeupe hutangulia, rangi nyingine hufuata, kwani kijivu cha mbawa na mkanda wa ubavuni hufunika nyeupe kwa tabaka moja, na nyeupe haiwezi kufunika mojawapo yao kwa matatu. Utepe wa karatasi hubandikwa, ukingo wake ukakandamizwa kwa ukucha, na kabla ya rangi mpya hupulizwa juu ya ukingo ule nyeupe kidogo tena, ili kama pana upenyo, upenye weupe ndani ya weupe. Kisha rangi mpya, na utepe ukavutwa ukiwa umekunjwa nyuma juu ya mgongo wake wenyewe, usivutwe kwenda juu. Tumbo la ndege, ambalo kwa ndege nyingi za wakati ule lilikuwa bati tupu, hupakwa rangi ya fedha mwisho wa yote.

Yakisha hayo, vanishi ya kung'aa hupulizwa kwanza, kisha picha za kubandika, yaani madirisha, jina la shirika na herufi za uandikishaji, huloweshwa majini na kutelezeshwa mahali pake. Vanishi haikuja hapo kwa urembo: picha ikibandikwa juu ya uso mkavu usiong'aa, hewa hunaswa chini yake katika vijishimo, ikang'aa kifedha pembeni mwa kila herufi. Juu ya picha huja vanishi tena, matabaka mawili matatu, mpaka kingo zake zizame. Halafu, baada ya siku kadhaa za kukauka, uso hupigwa msasa wa maji wa namba za juu sana, 3000 na kupanda, na kumalizwa kwa polishi laini kabisa na kitambaa cha pamba. Katika kazi hii ya mwisho mkono ukae mbali na ncha za mbawa, kingo za mkia na midomo ya injini, kwani juu ya kila pembe kali rangi hujivuta ikawa nyembamba, na misuguo michache ya polishi hutosha kuichana mpaka kijivu kikachungulia. Kikichungulia, hakuna hila ya kukificha kwa brashi. Sehemu ile huzungushiwa utepe, ikapigwa msasa namba 2000, ikapulizwa nyeupe na vanishi kwa matabaka mepesi, na ndege ikarudi ndani ya sanduku lake kungoja siku zake upya.